Upande Wangu wa Meza

Ijumaa ile nilikata mgomba nikiwa nimeketi kwenye kigoda, kwa sababu magoti yalikuwa yamegoma kabisa. Kwa miaka kumi na mmoja, kila siku moja kabla ya mkutano wa klabu, nimeifanya kazi hii nyuma ya jikoni langu hapa Rongo. Nakata kipande cha shina la mgomba, nakifunga kwa wavu wa kuku, nakikaza ndani ya bakuli kubwa la udongo, kisha nachukua spoku ya baiskeli na kukitoboa matundu. Matundu ndiyo kazi yenyewe. Moja linakwenda wima, mawili yanalala kulia, matatu yanainama mbele, na kadhalika. Ukishayapanga vizuri, ua utakalolichomeka litasimama pale pale unapotaka lisimame, hata likiwa alizeti lenye kichwa kizito. Kipande hicho cha mgomba mimi nakiita gogo.

Nilikuwa nimechoka, na sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nilistaafu ualimu nikidhani nitapumzika. Badala yake nikaanzisha Klabu ya Maua na wanawake sita wa kanisani, na sasa ni kumi na tisa. Jumamosi ya pili ya kila mwezi mimi ndiye ninayefungua ukumbi, ninayepanga viti, ninayechota maji. Mimi ndiye ninayesimama mezani na kuonyesha pambo kubwa la siku hiyo. Wakishatazama, wao hupanga vimaua vyao kwenye chupa na mitungi, nami huzunguka nikirekebisha. Halafu wanakunywa chai, wanacheka, wanaaga. Mimi nafagia. Jumapili pambo linakaa madhabahuni, Jumatatu nakwenda peke yangu kulibomoa na kuosha bakuli. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, Mwalimu, wewe unaketi saa ngapi?

Mwezi wa tisa daktari mmoja wa Homa Bay aliniangalia magoti, akatikisa kichwa, akaniambia niache habari ya kusimama saa tatu mfululizo. Nilirudi na dawa za kupaka na uamuzi. Nikawaambia wanachama bila kuzunguka: mkutano wa Oktoba, mtu mwingine asimame mezani. Asiposimama mtu, klabu imefungwa, na kila mtu achukue bakuli lake aende nalo nyumbani.

Joyline, katibu wetu, ambaye mdomo wake haujui likizo, aliinua macho akaanza kukagua dari. Kaltum anauza vitambaa karibu na stendi. Ni Mwislamu peke yake kati yetu, na aliyafuata maua mpaka ndani ya ukumbi wa kanisa bila kujali nani atasema nini. Alisema yuko tayari kuleta chai mpaka mwisho wa dunia lakini kusimama pale, hapana. Emmaculate, aliyekuwa nami tangu siku ya kwanza, aliangalia mapajani.

"Mimi sina mkono, Mwalimu," akasema polepole. "Unajua."

Sina mkono. Maneno hayo nimeyasikia miaka kumi na mmoja, na yalikuwa yamenifika hapa kooni. Mkono wanao. Wanasuka mikeka, wanashona, wanakaanga vidagaa vya omena bila kuvunja hata kimoja. Niliamini ni uvivu, kwamba wamepata punda wa kubeba na hawataki kumshusha mzigo. Nami jambo moja tu ndilo lililokuwa likininyima usingizi. Nilitaka kuondoka, lakini niondoke nikiiacha klabu hai. Ikifa siku nitakayoketi, basi miaka yote ile nilikuwa nikijichosha bure.

Siku tatu kabla ya mkutano simu ikalia. Alikuwa Nyangi, msichana wa Kikuria kutoka upande wa Isebania aliyeolewa hapa Rongo. Anashona sare za shule. Alikuwa amejiunga nasi mwezi wa sita tu.

"Mwalimu, mimi nitajaribu," akasema. "Nikiharibu mtanisamehe."

"Utaharibu," nikamwambia. Nilikuwa nimechoka hata kudanganya. "Lakini jaribu."

"Nikuje na nini?"

"Njoo na maua. Hayo mengine niachie mimi."

Ndiyo maana Ijumaa ile nilikaa kwenye kigoda na spoku yangu, nikamtobolea Nyangi gogo kama ninavyojitobolea mwenyewe. Nikalifunika kwa majani ya mwitu mpaka lisionekane. Nilijihesabia kwamba nimemfanyia hisani kubwa.

Hapa lazima nieleze utaratibu wetu, maana bila huo hamtaelewa kilichotokea. Mwonyeshaji husimama nyuma ya meza, uso kwa watu. Bakuli linakaa mbele yake, na yeye anapanga kutoka nyuma, akichomeka ua kwa kulizungushia mkono, ili uso wa pambo uwaangalie watazamaji. Yeye mwenyewe anaona mgongo tu: mabua, waya, maji yanayochuruzika. Si rahisi. Inabidi uyajue maua kwa vidole. Nilifunzwa na Mama Okemwa wa Kisii, aliyekuwa akipamba meza za harusi za wakubwa, na sheria yake ilikuwa moja. "Mtazamaji mpe uso wa ua," alikuwa akisema. "Uchafu ni wako." Kwa hiyo gogo lilifunikwa kabla mtu hajaingia ukumbini, na Jumatatu lilitolewa watu wakiwa wameshakwenda makazini. Niliishika sheria hiyo kuliko amri za kanisa.

Wala sitajifanya mtakatifu. Niliipenda. Ua la kwanza linapoingia na kusimama lenyewe, mtu wa safu ya mbele huguna, "Aaah!" Katika miaka thelathini ya kufundisha hesabu darasa la saba sijawahi kugunwa hivyo.

Basi Jumamosi nikaketi safu ya mbele, kwa mara ya kwanza tangu klabu ianze, mguu nimeunyoosha juu ya kiti kingine. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitanyanyuka, liwe liwalo. Nyangi aliingia na ndoo mbili. Moja ilikuwa na alizeti na gladiola, nyingine bogonvilia na yale manyoya marefu ya miwa iliyochanua, aliyoyakata kando ya shamba njia ya Awendo. Manyoya ya miwa! Mimi sijawahi kuyafikiria, na nimepita kando ya miwa hiyo maisha yangu yote. Nilikereka kidogo.

Akasalimia watu, akajifunga leso kiunoni, akaenda mezani. Halafu akasimama mbele ya meza. Mbele, upande wetu. Akatupa mgongo, akaliangalia bakuli kama mtu anayeangalia sufuria jikoni kwake.

Mtu nyuma yangu akacheka. Mimi nikauma ulimi. Niseme ukweli wote: nusu yangu ilimwonea huruma, na nusu nyingine ikasema, acha waone kwamba kazi hii si mchezo.

"Nyangi!" Joyline akapaza sauti. "Sisi tunaona mgongo tu. Zunguka upande ile ya Mwalimu."

Nyangi akageuka, ameshika alizeti mkononi. "Nikizunguka, mimi sitaona. Na kama sioni, nitajuaje imekaa sawa?"

"Mwalimu huwa haoni na inakaa."

"Mwalimu ni Mwalimu," Nyangi akasema. "Mimi lazima nione. Kujeni huku basi. Kujeni wote, mzunguke meza. Si ni sisi tu?"

Viti vikaburutwa. Wanawake kumi na saba waliizunguka meza, wengine wakaingia upande wa nyuma, upande wangu, ambapo kwa miaka kumi na mmoja hapakuwa pamekanyagwa na mguu mwingine ila wangu. Nilibaki safu ya mbele na viti vitupu. Sikuona kitu tena isipokuwa vitambaa vya kichwa na migongo, ikabidi ninyanyuke na fimbo yangu nijipenyeze.

Nilifika wakati Nyangi anayaondoa majani ya mwitu. Aliyaondoa yote, moja moja, akayaweka kando. Halafu akaingiza vidole chini ya wavu, akalivuta gogo, akaliinua juu likitiririsha maji mpaka kwenye viwiko vyake.

"Na hii ni nini?" akauliza.

Walikuwa wakiliangalia gogo. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakaniangalia mimi.

"Hiyo ni ya kushikilia," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Yawa!" Joyline akasema. "Kumbe iko mgomba hapo ndani!"

Akalichukua kutoka kwa Nyangi, akaligeuza, akatia kidole kwenye tundu. Akatia kwenye jingine. "Na umetoboa. Hii inaenda hivi, hii inaenda hivi. Mwalimu, wewe umetoboa kila mahali ya maua kabla hatujakuja?"

"Ndiyo."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Mimi nimekuwa nikiweka mawe," Joyline akasema. "Mawe na gazeti. Nikiweka ua inaanguka, nikiweka inaanguka, bwana yangu akaniambia niache kutesa maua."

"Mimi nilikanda unga," Kaltum akasema. "Wallahi, unga wa ngano, kama wa chapati, nikachomeka waridi ndani. Asubuhi panya wamekula unga, waridi ziko chini ya meza."

Wakacheka, na nikacheka nao, nikidhani jambo limepita. Mmoja akasema alitumia matope, mwingine viazi vitamu. Kumbe nyumba zote hizi za Rongo zilikuwa na mambo yao ya siri, wanawake wakijifungia na beseni na maua wakijaribu kufanya nilichofanya mimi, na Jumamosi inayofuata wanakuja kuketi kimya na kutazama tena uso wa ua. Nami nikiwahesabu wavivu.

"Sasa tukisema hatuna mkono," Joyline akauliza, na safari hii hakuwa akicheka, "ulifikiria tunakucheza?"

Nilisema Mama Okemwa alinifunza hivyo. Nilisema gogo ni uchafu, halifai kuonyeshwa watu. Niliyasikia maneno yangu mwenyewe nikaona haya.

Emmaculate alisimama pembeni ya meza, upande wangu, kidole chake kikipita juu ya matundu taratibu. Yeye ni mtu wa maneno machache, na tangu amzike mume wake, Barnabas, amekuwa wa machache zaidi.

"Mwalimu, unakumbuka ukumbusho ya Barnabas?" akauliza.

Nilikumbuka. Ilikuwa miaka mitatu iliyopita, nyumbani kwao upande wa Ndhiwa. Hema, viti vya kukodi, picha ya Barnabas mezani imevishwa kitambaa cheupe.

"Ile maua nilipanga mimi," akasema. "Usiku tatu nilikuwa nikijaribu. Nilichukua beseni nikaweka mchanga, nikaweka alizeti, kwa sababu yeye alikuwa anapenda alizeti. Ikasimama. Nikashukuru Mungu. Halafu katikati ya maombi ikaanguka. Yote. Ikaangukia picha yake, na picha ikaanguka chini mbele ya watu wa kwao."

"Nakumbuka," nikasema. "Nilikuja nikakusaidia."

"Ulikuja. Ulikuwa na bakuli yako kwa gari, ya kupeleka kanisani. Ukasimama hapo mezani, ukatupatia mgongo, dakika tano tu, na alizeti zile zile zikasimama. Hata upepo ilikuja na hazikuanguka."

Nilikumbuka hilo pia. Niliondoka mapema siku ile, nimechoka, na njiani nilikuwa nimefurahi. Nilijisifu moyoni kwamba nimeokoa siku ya Emmaculate.

"Wewe ulienda," akaendelea. "Hukusikia. Dada yake Barnabas alisema mbele ya wote: marehemu amekataa maua ya bibi yake. Ya Mwalimu amekubali. Na wakaitikia, Mwalimu. Wakaitikia wote. Wakaanza kutafuta ni nini nilimfanyia akiwa hai."

Joyline aliliweka gogo mezani.

"Miaka tatu," Emmaculate akasema. "Hiyo boma sijaingia tena. Kaburi yake sijafagia. Nilijua kuna kitu nilikosea, na yeye alijua, na hiyo ndiyo maana alikataa. Nimekaa nikifikiria ni nini. Nimeomba msamaha ya kila kitu. Mpaka ya vitu sikufanya." Aliweka kiganja chake juu ya gogo. "Na ilikuwa mgomba."

Ningependa kusema nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilitafuta kiti kwa mkono nikaketi. Nilikuwa mtu mzima niliyesomesha watoto wa watu, na nilikuwa nimemnyang'anya mwanamke mwenzangu mume wake mara ya pili, baada ya kifo, kwa sababu nilipenda kugunwa "aaah".

"Emmaculate," nikasema. "Sikujua. Kweli sikujua."

"Najua hukujua," akasema. "Lakini nilikuwa nimesimama nyuma yako. Ungegeuka tu."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angekasirika.

Nyangi, ambaye hakujua lolote la historia yetu, alikuwa amesimama na alizeti lake, maji yakimdondoka. Nadhani alihisi kwamba mtu asipofanya kitu tutakaa hivyo mpaka jioni. "Sasa kisu iko wapi?" akauliza. "Nyuma ya ukumbi kuna mgomba iliangushwa na upepo."

Wakatoka. Kaltum alijifunga vizuri mtandio wake, akashika panga la mlinzi wa kanisa, na nikasikia wakibishana huko nje kuhusu urefu. Walirudi na vipande vya kila namna, vingine vifupi mno, vingine vizito kama mtoto mchanga. Utomvu uliwachafua nguo, na utomvu wa mgomba hautoki. Nilitaka kuwaambia wavae leso. Nilitaka kuwaambia wasitoboe kabla ya kukausha maji ya juu. Nikasema lile moja tu la spoku, kwamba uisukume kwa kuizungusha, usiipige. Joyline aliniambia asante kwa haraka, kama unavyomwambia mtu aliyekupisha njiani, akaendelea kutoboa.

Pambo la Nyangi lilitoka bovu. Naomba nisiseme uongo hata kwa wema. Alizeti zote zilikuwa upande mmoja, gladiola zilitazamana kama watu waliokosana, na manyoya ya miwa yalikuwa marefu mno kwa bakuli lile. Lakini lilisimama, na wanawake walilizunguka wakiangalia kila tundu, mbele na nyuma, wakiuliza kwa nini hili limeinama na lile halikuinama. Maswali ambayo mimi sikuwahi kuulizwa, maana mtu atauliza nini juu ya kitu asichokiona?

Joyline alifungua daftari, akauliza ni nani atasimama mwezi wa kumi na moja. Mikono minne ikainuka. Wakaanza kugombania Desemba. Mmoja alikuwa ameshaanza kufagia maganda ya mgomba bila kuambiwa.

Nilikuwa nimeitamani saa ile kwa muda mrefu sana. Nilikuwa nimeiwaza kitandani na njiani: siku nitakayoketi na kazi iendelee bila mimi. Sasa ilikuwa imefika, na nilichohisi ni uchovu ule ule, ila sasa nilijua nani aliyenichosha. Hakuna mtu aliyenibebesha. Nilikuwa nimeukumbatia mzigo kwa mikono miwili, huku nikilalamika kwamba hakuna wa kunipokea.

Emmaculate alikuwa amejitenga kwenye meza ndogo karibu na dirisha. Alikuwa amekata gogo lake, akalifunga kwa kamba maana waya uliisha, akalikaza kwenye beseni. Nikamwona akitoboa, anasimama, anainama kuangalia pembeni, anatoboa tena. Alichomeka alizeti la kwanza, akaliachia taratibu, vidole vikibaki karibu nalo. Likasimama. Akachomeka la pili. Alifanya hivyo mpaka saba, bila kuharakisha, na mara mbili alifuta macho kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na utomvu.

Nikainuka kwenda kwake. Magoti yaliuma kila hatua.

"Nitapelekea Barnabas kesho," akasema bila kunitazama. "Nitaenda mwenyewe. Dada yake akitaka, asimame hapo aangalie mpaka jioni."

"Nitakusindikiza?"

"Hapana, Mwalimu. Wewe pumzika."

Nikaitikia kwa kichwa. Alizeti la mwisho, lile la mbele kabisa, lilikuwa limekaa chini kidogo kuliko mengine, na shingo yake imepinda. Kosa dogo, la kurekebisha kwa vidole viwili. Mkono wangu ulitoka wenyewe, kama ulivyotoka kwa miaka kumi na mmoja kwenye mitungi yao yote, kabla sijaufikiria.

Emmaculate aliushika ukiwa bado hewani. Hakuubana. Alinirudishia tu, kifuani kwangu, akauacha hapo.

"Wacha," akasema. "Hiyo ni yangu."